Anania Yu Wapi?

Mtu akitembea jioni katika mitaa ya Bunia, toka Mudzipela hata Nyakasanza, hakosi kusikia ushuhuda. Ndani ya chumba chenye viti vya plastiki na kipaza sauti, mtu husimama akaeleza jinsi alivyoipata imani na jinsi alivyoitwa kuhubiri. Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la makanisa mapya tu. Vijana wetu wanaoomba kuwa makatekista nao husimulia vivyo hivyo, na karibu wote kwa umbo moja: nalikuwa gizani, nikaugua, au nikafungwa, au nikaponea vitani, usiku nikaota, nikasikia sauti ikiniita kwa jina, asubuhi nikaanza kuhubiri. Kati ya usiku ule na asubuhi ile hapana mtu mwingine. Hapana mwalimu, hapana padre, hapana mama aliyemfundisha kufanya ishara ya msalaba. Ni Mungu na mtu huyo, basi.

Simkatazi Mungu kusema na watu katika ndoto. Yosefu, mume wa Maria, aliongozwa kwa ndoto akaiponya familia yake. Ninachotaka kupima hapa ni masimulizi yenyewe, kwa maana masimulizi ni kazi ya watu, na kazi ya watu yaweza kusifiwa au kusahihishwa. Tena kwetu Ituri jambo hili lina uzito wake. Tangu vita vya 1999 hata 2003, na tena katika miaka hii ya karibuni, watu wengi wameacha nyumba na mashamba yao. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba Mungu amemletea mjumbe, hana nguvu ya kuuliza maswali mengi. Hutoa faranga zake za mwisho. Mgonjwa wake humpeleka kuombewa siku saba, na hospitali husubiri. Basi hatuna budi kujifunza kuyasikiliza masimulizi ya wito, kama mama sokoni anavyojifunza kukigonga chungu kabla ya kulipa.

Kipimo tunacho katika Maandiko. Katika Matendo ya Mitume habari ya kuongoka kwa Paulo yasimuliwa mara tatu, katika sura ya 9, ya 22 na ya 26. Wengi wetu tumezichanganya hizo tatu tukazifanya moja. Yafaa kuzisoma kila moja peke yake. Katika sura ya 9, baada ya mwanga na sauti, Paulo haelezwi kazi yake. Aambiwa tu aingie mjini, na huko ataelezwa. Ashikwa mkono kama mtoto, kwa kuwa haoni. Akaa siku tatu katika nyumba ya mtu aitwaye Yuda, pasipo kula wala kunywa. Ndipo aja Anania, ambaye kwanza alimwogopa. Amwita ndugu, amwekea mikono. Paulo abatizwa, tena ala chakula, nguvu zikamrudia. (Napenda sana kwamba Luka hakusahau chakula.) Katika sura ya 22, mbele ya umati wa Yerusalemu, Anania yumo bado. Lakini katika sura ya 26, mbele ya mfalme Agripa, Anania hayumo. Maneno ya kumtuma Paulo yanatoka kwa Bwana moja kwa moja, pale pale njiani.

Paulo hakudanganya. Alikuwa mfungwa mbele ya wakubwa, na mbele ya wakubwa maneno hufupishwa. Ila Luka ametuachia masimulizi yote matatu, tujue ya kwamba lile fupi lina refu nyuma yake: Anania, kisha Barnaba aliyemdhamini kwa Mitume, kisha Barnaba tena aliyekwenda hata Tarso kumtafuta, kisha Kanisa la Antiokia lililomwekea mikono na kumtuma. Sisi wa leo tumechagua sura ya 26 peke yake. Kwa hiyo kila nisomapo kitabu cha wito wa mtu, au nisikiapo ushuhuda wa mtu, najiuliza neno moja tu: Anania yu wapi?

Sasa tukitumie kipimo hiki kwa vitabu. Kusini ya Bunia, katika eneo la Irumu, juu ya bonde la Semliki, kuna Boga. Hapo alihubiri na hapo alizikwa Apolo Kivebulaya, kasisi wa ndugu zetu Waanglikana. Msomaji asishangae kuona habari zake katika kurasa za Wakatoliki. Siku ile Papa Paulo wa Sita alipowatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964, aliwataja pia Waanglikana waliouawa kwa ajili ya Kristo. Nasi tulio jirani na Boga tukinyamaza, tutakuwa tumewaachia watu wa mbali habari ya mtu wa nyumbani.

Maisha yake kwa ufupi ni haya. Alizaliwa Buganda mnamo 1864, akaitwa Waswa, jina la pacha. Alipitia mafundisho ya Kiislamu, akawa askari, akamsikia mmisionari Alexander Mackay akifundisha. Mackay alikufa mwaka 1890. Waswa alibatizwa mwaka 1895. Hesabu mwenyewe, msomaji: toka kulisikia neno hata kupata maji ya ubatizo ilipita miaka mitano au zaidi. Kisha akaenda Toro kuwa mwalimu, na mwaka 1896 akafika Boga. Huko mtawala Tabaro alimpinga. Dada yake Tabaro alipokufa kwa kuangukia mkuki, Apolo alishtakiwa kuwa ndiye mwuaji, akafungwa minyororo, akapelekwa gerezani huko Toro. Baadaye akaachiliwa, akarudi, na Tabaro huyo huyo akabatizwa kwa jina la Paulo. Apolo alipewa ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903. Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Husimuliwa kwamba aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, ambako kazi ilikuwa haijakwisha.

Wa kwanza kuandika kitabu juu yake ni A. B. Lloyd, mmisionari Mwingereza aliyemfahamu kwa macho. Kitabu chake cha mwaka 1923 kilimwita Apolo wa msitu wa Mbilikimo, na kingine cha mwaka 1934, Apolo alipokwisha kufa, kilimwita mtafuta-njia, tena kwenye jalada lenyewe kikauliza nani atafuata. Vitabu hivi vina joto. Lloyd alimpenda Apolo, na upendo huo waonekana. Lakini tazama majina yenyewe. Apolo alifika Boga mwaka 1896, na kazi yake kati ya Bambuti wa msituni ilianza mwaka 1921. Miaka ishirini na mitano ilipita kati ya hayo mawili! Miaka hiyo aliitumia kwa kufundisha watu kusoma, kubatiza, kujenga makanisa ya miti na majani, kutembea kwa miguu toka kijiji hata kijiji kati ya Toro na Boga. Jina la kitabu limeirukia miaka hiyo yote, likakimbilia msituni, kwa sababu msitu ndio uliowavutia wasomaji wa Uingereza waliotoa sadaka. Lloyd alikuwa na desturi hiyo tangu zamani: kitabu chake cha mwaka 1899 juu ya safari zake kilikuwa na wafupi na wala-watu katika jina lake. Nasi tuliozaliwa huku twajua kwamba Bambuti ni watu wenye jina lao, na si pambo la jalada.

Lakini kosa kubwa zaidi la masimulizi ya namna hii ni jingine. Mwili wa simulizi wote hutegemezwa juu ya njozi. Ni kweli kwamba Apolo alieleza ya kuwa Kristo alimtokea usiku, akamtia moyo aendelee kuhubiri. Wasimulizi wakaishika njozi hiyo, wakaiweka juu kama taa, na leo ukiuliza habari za Apolo katika mitaa yetu utaambiwa njozi kwanza. Hata nimesikia wahubiri wakiitumia kama ushahidi: Apolo aliota, nami nimeota. Sasa tazama taratibu ya mambo. Njozi ilimjia akiwa tayari Boga, katika miaka ya taabu. Hakuota ndipo akaenda. Alikwenda, akapigwa na shida, ndipo akatiwa nguvu. Aliyemtuma alikuwa Kanisa lake la Toro, lililohitaji mwalimu mahali ambapo walimu wawili wa kwanza, Petero Nsugerwa na Sedulaka Makwata, walikuwa wameshindwa kukaa kwa njaa na upinzani wa Tabaro. Hao ndio Anania wake! Kama Petero na Sedulaka wasingalifika mbele na kurudi na habari, Apolo asingalijua kwamba mtawala hukataza watu wasimpe mwalimu chakula. Husimuliwa kwamba yeye alichukua jembe, akalima mwenyewe. Muganda mwanamume wa siku zile kulima chakula haikuwa desturi. Ilikuwa kazi ya wanawake. Mimi kwangu jembe lile lina mafundisho mengi kuliko njozi, wala sisemi hivyo kwa kuidharau njozi.

Waandishi wanawataja Petero na Sedulaka kwa mistari michache, kisha huwaacha kama watu walioshindwa. Je, walishindwa kweli? Mtu aliyefungua njia kwa njaa yake mwenyewe, akarudi akasema kweli kwamba njaa ilimshinda, amefanya kazi ya utume. Makatekista wa zamani wa vijiji vyetu wangaliyaelewa mambo hayo upesi kuliko mwandishi wa London.

Mwaka 1963 Anne Luck alitoa kitabu kingine, akamwita Apolo mtakatifu wa Afrika. Kitabu hiki kina utulivu zaidi. Luck ameziendea daftari za Apolo mwenyewe, alizoandika kwa Kiganda, ambazo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Makerere. Hapo msomaji hukutana na mtu anayehesabu safari zake na watu wake, wala hapendi kujisifu. Lakini kwa kuwa nia ya kitabu ni kumwonyesha mtakatifu, wengine wote husimama kando kama watu katika picha ya arusi, macho yote yakimwelekea bwana arusi.

Mwandishi wa tatu ni Emma Wild-Wood, kwa kitabu chake cha mwaka 2020. Hiki kinazungumza juu ya Apolo pamoja na dini na mabadiliko ya jamii katika nchi za Maziwa Makuu, kuanzia mnamo 1865 hata 1935. Ni kitabu cha wasomi, kizito, na msomaji wa parokia atachoka njiani. Hata hivyo ndicho ninachokisifu kuliko vyote, kwa kuwa ndani yake Apolo amerudishiwa wenzake. Twawaona walimu wa Kiganda wakiwa jeshi zima la watu waliotembea na vitabu. Katika Buganda ya siku zile Wakristo waliitwa wasomaji. Kuipata imani na kujifunza kusoma vilikuwa karibu jambo moja. Na hapana mtu ajifunzaye kusoma peke yake. Lazima awepo mwingine kando yake, kidole juu ya herufi, akirudia silabi hata jua lichwe. Ukilifahamu jambo hilo, habari yote ya wito hugeuka. Sauti ya Mungu ilikuja kwa Waswa pamoja na kidole cha mtu.

Yeye mwenyewe, nadhani, alilijua. Jina alilochukua siku ya ubatizo ni la yule Apolo wa sura ya 18 ya Matendo ya Mitume, msemaji hodari kutoka Aleksandria, aliyehubiri kwa bidii hali alijua ubatizo wa Yohane tu. Prisila na Akwila, mke na mume, walimchukua kwao wakamfundisha njia ya Mungu sawasawa. Naye alikubali kufundishwa, tena na mafundi wa mahema. Sijasikia bado katika Bunia ushuhuda wa mhubiri aliyesimama akasema kwamba mama mmoja na mumewe walimsahihisha mahubiri yake.

Vitabu vyetu Wakatoliki navyo visiachwe bila kupimwa. Tuna Wenye Heri Daudi Okelo na Jildo Irwa, makatekista Waacholi waliouawa huko Paimol, kaskazini ya Uganda, mwezi Oktoba 1918, na kutangazwa na Papa Yohane Paulo wa Pili tarehe 20 Oktoba 2002. Ndugu zetu Waaluri wa Mahagi husikia lugha yao karibu kama yao wenyewe. Katika vijitabu na mahubiri, habari za vijana hawa huanza na mkuki na kuishia na mkuki. Lakini jinsi walivyoitwa ni jambo la kutazamwa. Wote wawili walibatizwa mwaka 1916. Katekista wa Paimol, Antonio, alifariki mwaka 1917, na mahali pake pakawa patupu. Daudi akajitoa kupajaza. Padre Cesare Gambaretto, Mkomboni wa misioni ya Kitgum, hakumpokea kwa furaha tu. Aliwaeleza yeye na Jildo hatari za mahali pale, akawauliza tena. Ndipo akawaruhusu. Huko Paimol kazi ya Daudi ilikuwa kupiga ngoma alfajiri kuwaita wakatekumeni kwa sala, kuwarudishia maswali na majibu ya katekisimu hata wayashike kwa moyo, kwenda kuwatazama mashambani na kwa mifugo, na jua likitua, rozari. Jildo, aliyekuwa mdogo zaidi, aliwakusanya watoto kwa michezo.

Hapo hapana sauti usiku. Pana kaburi la katekista, mahali patupu, kijana anayesema nitakwenda, na padre anayemwuliza mara ya pili. Umbo hili na lile la Apolo wa Boga ni ndugu, ingawa Kanisa ni mbalimbali. Mwandishi anayeruka hayo ili afike upesi kwenye damu hutuibia sehemu ambayo sisi tungeweza kuifuata. Wachache wetu wataombwa damu. Lakini kila kijana wa katekesi aweza kuombwa kupiga ngoma alfajiri.

Hata Mtakatifu Augustino, ambaye wenye shuhuda hupenda kumtaja kwa ile bustani ya Milano ya mwaka 386, hakutoka bustanini kwenda kuhubiri. Alibatizwa na Askofu Ambrosio Pasaka ya mwaka 387, akarudi Afrika akitaka kuishi kwa utulivu pamoja na rafiki zake. Mwaka 391 watu wa Hipo walimshika kanisani, wakamsukuma mbele kwa askofu awe padre wao, naye akalia machozi. Kuipata imani kulikuwa jambo moja, kuitwa kuhubiri jambo la pili, na la pili lilikuja kwa mikono ya watu, miaka minne baadaye.

Kwa hiyo sioni kwamba Kanisa huwazimisha vijana likiwaambia wangoje. Mapadre Weupe walioleta imani kwetu walifuata agizo la Kardinali Lavigerie la kumtayarisha mtu miaka minne kabla ya ubatizo. Wazee walinung'unika, lakini waliodumu walidumu. Na tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko alitoa barua iliyoanzisha rasmi huduma ya katekista katika Kanisa, akieleza kwamba ni wito unaohitaji kupambanuliwa na askofu na kutayarishwa ipasavyo. Watu wengine walidhani barua ile ni cheo kipya. Mimi naiona kuwa ni Anania anayerudishwa mahali pake katika simulizi.

Mwezi ule ule, usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, siku ya kumbukumbu ya Apolo ikiwa ndiyo kwanza imekwisha, watu wenye silaha walishambulia Boga na Tchabi, wakaua watu zaidi ya hamsini. Wengi walikimbia, na wengine wamefika mpaka huku. Daftari za Apolo ziko salama Makerere. Lakini yale ambayo vitabu vyote hivi vimeyasema kwa haraka, yaani habari za wale waliompokea, hayamo katika daftari yoyote. Yamo vichwani mwa wazee, waliyoyasikia kwa baba na nyanya zao. Wazee hao sasa wamelala katika nyumba za jamaa mjini Bunia, wanateka maji bombani pamoja nasi. Kijana anayetaka kuandika juu ya wito, na ajitwalie kalamu, aende kwao, amsalimu mzee kwa heshima, amwulize Petero na Sedulaka walilala kwa nani, na Apolo alipofika na jembe lake, ni nani aliyempa chakula usiku wa kwanza.